Kiti cha kukunja cha bafuni: uliza ukuta kwanza, kiti baadaye

Swali lenyewe kwa kifupi: "Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto hauna nguvu ila anatembea na fimbo, uzito wake kama kilo 80. Nataka kumfungia kiti cha kukunja ukutani awe anaoga amekaa, bafu letu ni dogo. Nimeona viwili, kimoja cha plastiki hakina miguu na wameandika kinabeba kilo 130, kingine cha mbao kina miguu miwili kwa mbele. Fundi kaja na skrubu za sentimita 5 na plagi za plastiki anasema zinatosha kabisa. Nichukue kipi, na kifungwe urefu gani?"

Dada pole na kuuguza, na afadhali umeuliza kabla drili haijawashwa maana wengi huwa wananiita tailizi zishapasuka na kiti kinacheza kama jino bovu. Hivi viti nimefunga miaka mingi, vingi vimekaa vizuri mpaka leo, kimoja kilichomoka na nitakwambia kwa nini. Ila nianze na la fundi kwa sababu ndo lenye haraka: hizo skrubu za sentimita 5 mrudishie. Mwambie kwa upole, sio kwa ugomvi, lakini mrudishie.

Hesabu yake iko hivi. Tailizi ina unene wa kama sentimita 1, nyuma yake kuna gundi au saruji iliyoibandika, alafu plasta, ukijumlisha unakuta kama sentimita 3 zimeshaliwa hata tofali lenyewe hujaligusa, na bamba la kiti nalo lina unene wake. Skrubu ya 5 inabakiwa na sentimita moja na kitu ndani ya tofali, yaani kimsingi imeshikilia plasta. Plasta inabeba kioo na ndoano ya taulo, haibebi mtu.

Na mzigo wenyewe sio ule watu wanaoufikiria. Wengi wanagawa kirahisi, kilo 80 kwa skrubu nne, kila moja kilo 20, mbona ndogo tu. Hapana. Kiti cha ukutani kinafanya kama nyundo ya kung'olea misumari: mtu amekaa mbali na ukuta, uzito unashuka chini, bamba linagandamiza ukuta kwa chini na kwa juu linataka kubanduka. Tuseme mama amekaa na uzito wake uko sentimita 24 kutoka ukutani, na bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 12. Hapo bolti za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kama kilo 160, mara mbili ya uzito wake. Akisogea ukingoni ili ainuke, uzito ukawa sentimita 36 kutoka ukutani, inakuwa 240. Na hiyo ni akiwa ametulia, mtu ambaye mguu mmoja hauna nguvu hakai taratibu, anafika nusu alafu anajiachia, na ule mshtuko ndo unaovunja vitu.

Kile changu kilichochomoka hakikuchomoka siku ya kwanza wala ya pili. Nilikuwa bado kijana kwenye kazi, ukuta nikaugonga sehemu moja tu nikaridhika, nikatumia bolti za kutanuka kwenye bloku ambalo kumbe ndani lina uwazi, siku ya kukabidhi nikakaa mwenyewe nikachezesha miguu nikaonekana fundi kweli. Baada ya miezi kadhaa mwenye nyumba akanipigia kuwa kiti kimelegea, nikamwambia nitapita wiki ijayo. Kabla sijapita kikatoka chote na kipande cha tailizi. Bahati nzuri aliyekuwa anakaa alikuwa kijana wa nyumba anavua viatu, sio yule mzee tuliyemfungia. Toka hapo mi sinunui kiti wala siruhusu mtu anunue kabla sijajua ukuta ni wa nini.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kugonga ukuta, na usigonge pale unapotaka kiti tu, gonga eneo lote kwa kifundo cha kidole au mpini wa bisibisi. Sauti nzito iliyokufa, kama unagonga mwamba, ni zege au tofali gumu. Sauti ya kopo inaweza kuwa tailizi haijashika vizuri, inaweza kuwa bloku lenye matundu, inaweza kuwa ni jipsam. Ili ujue ni ipi, nenda upande wa pili wa ukuta huohuo ukagonge pia, au angalia ukuta unaoendelea sehemu ambayo haina tailizi, au toa kifuniko cha soketi iliyo kwenye ukuta huo (zima umeme kwenye meni, ile swichi kuu ya nyumba, kwanza) uchungulie pembeni. Kipimo cha uhakika ni tundu dogo la drili katikati ya sehemu ambayo bamba litakuja kuifunika: vumbi la kijivu na drili inasukumwa kwa shida mwendo wote, hilo ni zege au bloku lisilo na uwazi ndani; vumbi jekundu ni tofali la kuchoma; drili ikizama ghafla baada ya sentimita tatu nne, kuna uwazi; vumbi jeupe laini kama unga na drili inapita bila upinzani, jipsam.

Zege ndo raha ya fundi. Bolti za kutanuka za milimita 8 au 10, ziingie ndani ya zege lenyewe si chini ya sentimita 6 ukiacha tailizi na plasta, na kama maelezo yaliyokuja na kiti yanataka zaidi fuata maelezo. Tofali la kuchoma lililo gumu linakubali pia lakini usikaze kwa hasira maana bolti ya kutanuka inasukuma pembeni na tofali likiwa dhaifu linapasuka ndani, wewe nje huoni kitu. Kwenye matofali laini mi naachana kabisa na bolti za kutanuka, natumia gundi ya kemikali ile ya kwenye mrija inayosukumwa kwa bunduki yake, unajaza tundu unaingiza bolti ndefu yenye nyuzi mwili mzima, ikiganda inashika tundu lote bila kusukuma pembeni. Kwa bloku lenye uwazi gundi hiyohiyo inafaa ila lazima kuwe na kile kichujio chake, kisoksi cha plastiki au waya kinachoingia kwanza, bila hivyo gundi yote inadondokea ndani ya bloku na unabaki umegandisha hewa.

Na kuna njia ya kizamani ambayo naipenda kuliko zote: kama upande wa pili wa ukuta ni stoo, korido au nje, toboa mpaka ng'ambo, pitisha bolti ndefu za milimita 10, na kule nyuma weka bamba la chuma la milimita 5 au 6 lililopakwa rangi ya kuzuia kutu, kaza na nati. Haipendezi, najua, wenye nyumba hununa wakiona bamba sebuleni. Lakini hapo kiti hakichomoki mpaka kitoke na ukuta mzima.

Jipsam peke yake haibebi mtu, hata uletewe plagi gani ya ajabu. Lazima ufungue ukuta uweke ubao mnene katikati ya nguzo za ndani, au plaiwudi ya milimita 18 au zaidi iliyofungwa vizuri kwenye hizo nguzo, urudishe bodi ya kuzuia maji na tailizi, ndo uje kufunga kiti kikishika ule ubao. Ni kazi ya kubomoa. Kama hamko tayari, au nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki matundu, achana na kiti cha ukutani na nunua kile cha kusimama chenyewe, miguu minne yenye mpira chini, mikono pembeni na mgongo. Hakuna aibu, kwa bafu nyingi ndo jibu bora zaidi na fundi hatakwambia kwa sababu hakina kazi ya kufunga.

Sasa vile viti viwili. Ile kilo 130 sio uongo, ila ni ya kiti, wamekijaribu kikiwa kimefungwa kwenye kitu kigumu, ukuta wako hawaujui. Ukitaka kulinganisha, viwango vya Marekani vya majengo yanayotumiwa na walemavu, vile vya ADA, vinataka kiti na vifungio vyake vistahimili nguvu ya kama kilo 113, kwa hiyo 130 kwa mama wa kilo 80 ni namba ya kutosha. Ila mi ningechukua chenye miguu. Miguu ikigusa sakafu inabeba sehemu kubwa ya uzito yenyewe na ule mvuto wa kubandua bolti za juu unapungua sana, kwa hiyo hata ukuta usipokuwa wa kifahari unapata nafuu. Masharti ni mawili tu. Miguu iwe inarekebishika urefu, kwa sababu sakafu ya bafu ina mteremko kuelekea kwenye tundu la maji na mguu mmoja utaning'inia, na mguu unaoning'inia haubebi kitu. La pili, ukikunja kiti miguu ijikunje yenyewe, isiwe ya kuinamia, maana mama hatainama na siku moja itasahaulika nusu imekunjwa.

Mbao usiogope kama ni msaji wenye vipande vilivyoachiana nafasi, maji yanapita, haupoozi makalio kama plastiki, na sabuni haiteleshi sana. Mbao laini iliyopakwa vanishi tu, hapana, vanishi itabanduka na ukungu utaingia. Plastiki ngumu yenye matundu na vipele pia ni nzuri na rahisi kusafisha. Nisichopenda ni vile vya sponji iliyofunikwa na ngozi ya bandia, ikichanika padogo tu maji yanaingia na harufu haitoki tena. Vyuma viwe stenlesi, na kama mnakaa karibu na bahari au maji yenu yana chumvi tafuta iliyoandikwa 316, ile ya 304 inaanza kutoa madoa ya kutu mapema. Hata bolti na washa ziwe stenlesi, sio kiti stenlesi alafu bolti za kawaida, hiyo naiona kila siku.

Kabla hujalipa nijibu kimoja: mama akikaa kwenye stuli isiyo na mgongo kwa dakika kumi anakaa wima, au anaanza kuegemea kushoto? Kama anaegemea, kiti cha ukutani chembamba hakimfai hata kikifungwa na malaika, anahitaji chenye mikono pande zote mbili, na kama anahitaji kushikwa muda wote basi kile cha magurudumu anachosukumwa nacho. Hili muulize yule anayemfanyisha mazoezi ya viungo, amemwona anavyokaa na kuinuka, mi sijamwona.

Urefu. Viwango nilivyotaja vinasema juu ya kiti pawe kati ya sentimita 43 na 48.5 kutoka sakafuni, na bafu la watu wengi hapo ndo pa kulenga. Lakini wewe unamfungia mtu mmoja kwa hiyo mpime yeye. Mkalishe kwenye kiti kigumu, pekupeku au na ndala anazoogea nazo, nyayo zote chini, magoti yamekunjwa kama pembe ya mraba, pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti. Alafu ongeza sentimita 2 mpaka 5, kwa sababu kiti kikiwa juu kidogo kuinuka kunakuwa rahisi sana kwa mtu mwenye mguu dhaifu. Usizidishe zaidi ya hapo, nyayo zikianza kuning'inia atateleza kuja mbele. (Kama kuna msomaji hapa mgonjwa wake kabadilishwa nyonga, hiyo ni habari nyingine, kiti kinatakiwa kuwa juu zaidi ili nyonga isijikunje kupita kiasi, fuata urefu aliotoa daktari.) Na kosa ambalo mafundi wengi tunafanya: tunapima kutoka kwenye kona ya ukuta na sakafu. Mteremko ule unafanya pale nyayo zinapokanyaga pawe chini kuliko pale ukutani, unapima 45 pembeni kumbe kwa mama ni 47. Pima pale miguu itakapokuwa.

Mahali pa kukiweka, usiamue kwa kuangalia tailizi, amua kwa mama mwenyewe. Chukua stuli ya urefu huohuo, bafu likiwa kavu, weka pale unapofikiria, mkalishe na nguo zake, mwambie ajifanye anaoga. Mkono wa kulia ufike kwenye koki na kwenye shawa ya mkono bila mgongo kuacha ukuta, maana kuinama mbele kutafuta koki ndo watu wanaangukia hapo. Mara nyingi inayokaa vizuri ni kiti kuwa ukuta wa pembeni ya ule wenye koki, sio unaotazamana nao. Kwa kuwa kushoto ndo dhaifu, koki na chuma cha kushikilia viwe kuliani kwake akiwa amekaa. Wakati wa kuingia na kugeuka angalia pia anapita wapi na anashika nini, kwa sababu akitoka mambo yanageuka, kilichokuwa kulia kinakuwa kushoto, kwa hiyo mara nyingi vinatakiwa vyuma viwili. Chuma cha mlalo huwa kwenye sentimita 84 mpaka 91 kutoka sakafuni, na nacho kifungwe kwa bolti kama za kiti, sio kwa skrubu za fundi wako. Mwambie mama na watoto wa nyumbani kabisa, mwiko kushika bomba la shawa wala kiti chenyewe kikiwa kimekunjwa.

Hakikisha pia mlango unafunguka kiti kikiwa chini, unashangaa nini, nimeona mara tatu. Na kikikunjwa bado kinatokeza kama sentimita 10 hivi kwa aina nyingi, kwa bafu dogo hiyo inahesabika.

Kutoboa sasa. Mabomba na nyaya mara nyingi hupanda au kwenda sambamba moja kwa moja kutoka kwenye koki, soketi na swichi, kwa hiyo usitoboe juu, chini wala usawa wa hivyo vitu bila kupima na kile kifaa cha kutafuta mabomba na nyaya, na kama shawa yenu inachemsha maji kwa umeme zima meni kabisa, tumia drili ya betri. Weka alama kwa pimamaji, matundu yasiwe ukingoni mwa tailizi, yaache angalau sentimita 2 au 3 kutoka pembe maana ndo zinapopasuka. Bandika selotepu ya karatasi juu ya alama ili biti isiteleze. Tailizi inatobolewa na biti ya tailizi, ya almasi kama ni zile ngumu za posleni, mwendo wa taratibu, maji kidogo ya kupoza, na ile nyundo ya drili IMEZIMWA. Ukishaipita tailizi ndo unabadilisha biti ya zege unawasha nyundo. Fundi akianza na nyundo toka mwanzo msimamishe, hata kama ana mvi kukuzidi.

Tundu likiisha lisafishwe, pulizia, sugua kwa brashi ndogo, pulizia tena, hasa kama ni gundi, kwa sababu gundi ikishika vumbi haijashika ukuta. Ile sehemu inayotanuka ya bolti au plagi ipite tailizi yote izame ndani, ikitanukia kwenye tailizi inaipasua siku hiyohiyo au wiki ijayo. Kwa gundi subiri muda ulioandikwa kwenye mrija, unatofautiana kwa joto la mahali, na usikaze nati kabla. Kwenye mdomo wa kila tundu na nyuma ya bamba weka silikoni ya bafuni ile ya kuzuia ukungu ili maji yasiingie ukutani, zungushia bamba juu na pembeni, chini acha wazi. Watu wanabisha sana hapo chini lakini sababu yake ni kwamba maji yakipenya juu siku moja utayaona yanachuruzika, ukiziba kote yanabaki ndani yanaozesha ukuta kimyakimya. Siku nzima bafu lisitumike silikoni ikauke.

Usimjaribishie mama. Weka mifuko ya mchanga, anza na kilo 50, ongeza mpaka kama 120 hivi, iwekwe nusu ya mbele ya kiti, iache nusu saa huku unaangalia kama bamba limeachana na tailizi hata kwa unene wa karatasi. Chora mstari mwembamba wa penseli kwenye ukingo wa bamba kabla ya kuweka mzigo, bamba likisogea utaona. Alafu kaa mwenyewe, jitupe kidogo, sogea ukingoni, inuka. Kama kuna mlio wowote wa kukwaruza, usijidanganye ni kiti kipya kinajizoesha.

Maji ya moto nayo yapime kwa mkono wa kulia wake, sio wa kushoto, kama kiharusi kilimpunguzia hisia upande ule hatajua yanamuunguza, na ikiwezekana rekebisha hita yasizidi nyuzi 49. Baada ya wiki ya kwanza jaribu tena kila nati kwa spana, kisha kila mwezi, na siku bamba likicheza hata kidogo kiti kinakunjwa na kufungwa kamba mpaka fundi aje, msifanye kama mimi nilivyosema wiki ijayo.

Gonga ukuta jioni hii alafu niandikie sauti uliyoisikia pande zote mbili, vumbi lilikuwa rangi gani kama umetoboa, na huo upande wa pili ni chumba gani, ndo nitakwambia ununue bolti za aina ipi na za urefu gani.